Saa Iliyohesabu Miguu

Songea,
13 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo Baba. Natumaini wewe na Mama na Kaka Swalehe hamjambo, na kwamba wageni wa harusi ya Dada Shakila wameshaondoka na Mama amepata nafasi ya kulala mchana. Mimi ni mzima. Tulifika Songea salama Jumanne jioni, nikawahi kuandikishwa kabla geti la bweni halijafungwa. Baridi imeshaanza. Asubuhi milima ya Matogoro haionekani kabisa, na maji ya bomba yanauma vidole.

Nimesema mimi ni mzima, na naomba ulisome neno hilo mara mbili, kwa sababu Mwalimu Polikarp wa michezo amesema atakupigia simu kukwambia vingine.

Mwalimu ameletewa saa na kaka yake wa Dar es Salaam. Ni saa ya mkononi, lakini inapima pia mapigo ya moyo. Ijumaa alitupanga sisi wasichana wanane tunaokimbia mita elfu tatu, akatufunga saa hiyo mmoja baada ya mwingine, kila mtu mizunguko minne. Benigna, rafiki yangu wa kitanda cha juu, alisoma 176. Wengine walikuwa hapohapo karibu. Mimi nikasoma 201.

Mwalimu akaitazama, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena. Akasema kwa sauti, "Mia mbili na moja! Huu ni moyo au cherehani?" Wenzangu wakacheka. Tangu juzi jina langu bwenini ni Cherehani. Halafu akaacha kucheka. Akasema nikae chini, nisikimbie tena, hataki mtoto wa watu amfie uwanjani.

Nilitaka kusema kwamba sisikii maumivu yoyote, lakini unanijua. Mbele ya watu maneno yananikauka. Nikakaa chini.

Kwenye bahasha hii kuna fomu ya ridhaa ya mzazi. Mashindano ya shule za mkoa ni tarehe 24 Mei, na fomu inatakiwa irudi kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 16 Mei. Bila sahihi yako sikimbii. Nakuomba uisaini, umpe kondakta Iddi, basi lake linageuza Tunduru kila siku.

Msalimie Mama.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa


Nalasi,
15 Aprili 2025

Mwanangu Mwanahawa,

Waaleikum salaam. Marahaba. Hapa nyumbani sote hatujambo, alhamdulillah. Mama yako anakusalimu, anasema ule chakula chote wala usichague maharage.

Mwalimu wako alinipigia jana, nikiwa juu ya ngazi nakata matawi ya mikorosho. Ameongea na mimi kistaarabu sana. Ameniambia moyo wako unakwenda mia mbili na zaidi. Nikamuuliza kawaida ni ngapi, akasema kwa umri wako ukikimbia usipite sana mia na themanini. Nilishuka ngazi nikakaa chini.

Sasa nisikilize. Baba yako mdogo Abdul, Mungu amrehemu, alipofariki wewe ulikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tunapulizia mikorosho dawa ya salfa, yeye kabeba mashine mgongoni. Akaniambia, "Kaka, moyo unanienda mbio." Nikamwambia kapumzike kivulini. Nilikuwa nataka tumalize mistari miwili iliyobaki kabla upepo haujaanza. Akapumzika. Nilipomaliza mistari yangu miwili nikaenda kumwamsha.

Sijawahi kumweleza mtoto wangu yeyote habari hizi. Nakueleza wewe ili uelewe kwamba sitaambiwa maneno yale mara ya pili nikaendelea na kazi yangu.

Fomu nimeiweka sandukuni. Sikuichana, lakini sitaisaini. Riadha basi. Umekwenda Songea kusoma, na kusoma unajua, kila mtu anajua. Soma.

Ni mimi,
Baba yako


Songea,
17 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo Baba. Natumaini nyote hamjambo. Mwambie Mama maharage ninakula, hakuna cha kuchagua.

Barua yako niliisoma nyuma ya maktaba ili mtu asinione. Nimemlilia Baba Mdogo Abdul. Namkumbuka alivyokuwa akinibeba begani kwenda kisimani. Nakushukuru kwa kuniambia.

Lakini Baba, sikubali.

Nimeandika neno hilo, nikalikata, nikachukua karatasi nyingine, nikaliandika tena. Sikubali kwamba naumwa. Kusema nakutii ningeweza, lakini ningekuwa nakudanganya, na wewe hukunilea hivyo.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Kwenye kitabu cha Baiolojia wameeleza jinsi ya kuhesabu mapigo kwa vidole viwili, shingoni, chini ya taya. Unahesabu sekunde kumi na tano, unazidisha kwa nne. Benigna ana saa ya kawaida yenye mshale wa sekunde. Jumatatu asubuhi kabla ya kengele tulikwenda uwanjani. Nikiwa nimekaa: kumi na sita, yaani 64. Nikakimbia mizunguko minne kama siku ile, na nilipofika tu Benigna akanishika shingo. Arobaini na tatu. Yaani 172. Tukarudia Jumanne, 172 tena. Jana 176. Baada ya kupumzika dakika mbili ninashuka mpaka 104. Kitabu kinasema moyo mzima ndio unaoshuka hivyo. Nimeyaandika yote kwenye daftari, na Benigna ameweka sahihi kila ukurasa.

Nikajiuliza, hii 201 imetoka wapi? Ni Benigna aliyegundua. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja ananitazama, akasema, "Hawa, wewe una hatua za kuku. Wakati mimi napiga moja wewe umepiga moja na robo." Nikamwambia azihesabu. Akahesabu mguu wa kulia tu kwa sekunde kumi na tano: ishirini na tano. Zidisha kwa nne, mia moja. Ukijumlisha na wa kushoto, mia mbili.

Mia mbili, Baba! Ile saa haikuhesabu moyo wangu. Ilihesabu miguu.

Sasa kwa nini mimi tu na si wenzangu? Hilo lilinichukua usiku mzima wa mawazo. Ile saa kwa chini ina taa ya kijani. Inamulika ndani ya ngozi na kuangalia damu inavyokuja na kwenda. Kidato cha pili tulisoma kwamba kitu cheusi kinameza mwanga. Na mimi mikono yangu, unakumbuka, ilichorwa piko, ile hina nyeusi, kwenye harusi ya Dada Shakila. Ua kubwa jeusi liko juu ya kifundo cha mkono, mahali palepale saa inapokaa. Taa ilikuwa inamulika ua la piko. Haikuona damu, ikashika kitu pekee ilichosikia, mtikisiko wa miguu.

Shuleni piko hairuhusiwi. Tangu nirudi nimekuwa nikivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, na hapa kuna baridi, hakuna aliyeuliza. Siku ile ya saa Mwalimu aliipenyeza tu chini ya sweta. Benigna anasema ninyamaze, piko itafutika wiki mbili zijazo, kisha niombe kupimwa tena. Lakini nikifanya hivyo Mwalimu atasema ugonjwa umejificha. Na wewe utasema hivyohivyo. Nataka saa ionekane ikidanganya, wakati ua bado lipo.

Nitamwonyesha Mwalimu mkono wangu Jumamosi. Naogopa sana, lakini nitamwonyesha. Wewe naomba usiitoe fomu sandukuni ila kwa kuisaini.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa


Songea,
27 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo Baba. Natumaini mnaendelea vizuri. Siku kumi zimepita bila barua yako. Kondakta Iddi ananiambia bahasha yangu aliikabidhi dukani Tunduru kwa jirani yetu wa Nalasi, kwa hiyo najua imefika. Kama umenikasirikia, bado nitaandika.

Jumamosi ile nilikwenda uwanjani na daftari langu. Nilikuwa nimepanga maneno kichwani, nilipomfikia Mwalimu Polikarp yakapotea yote, nikampa daftari. Akalisoma amesimama. Akasema, "Hizi hesabu nzuri, Cherehani. Lakini vidole vyako na mashine ya laki mbili, nani mwongo?"

Nikasema, "Mashine."

Sijui ilitokaje. Mwalimu akasema, "Rudia."

Nikavuta mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko, nikamwonyesha ua. Ua lilikuwa limeanza kuchuja pembeni, katikati bado jeusi. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Eee mama, Cherehani ana piko!" Mwalimu akatazama mkono, akanitazama usoni. Akasema, "Unajua sheria?" Nikasema ninajua. "Unajua adhabu?" Nikasema ninajua, lakini naomba nipimwe kwanza, adhabu ije baadaye.

Akafikiri. Halafu akanifunga saa juu ya ua, nikakimbia mizunguko minne. Nilipofika, 199. Palepale akaniwekea vidole vyake shingoni, akahesabu huku anatazama saa ya Benigna. Nilimwona midomo yake inatembea. Akapata arobaini na nne, yaani 176. Akanipumzisha, kisha akaisogeza saa juu zaidi kwenye mkono, pasipo na piko, akaikaza. Nikakimbia tena. Saa ikasoma 174. Vidole vyake, 172.

Akakaa kwenye nyasi. Akasema, "Kumbe mimi nimempigia simu mzee wa watu nikamtia presha bure." Kisha akasimama akasema kwa sauti ya ualimu, "Siku saba, kufyeka nyuma ya bweni. Kila siku baada ya vipindi. Kwa piko."

Nimefyeka siku saba. Mikono ina malengelenge na sijutii hata moja. Mwalimu amefuta jina langu kwenye orodha ya wagonjwa, akaliandika kwenye orodha ya wakimbiaji kwa wino. Nikamwomba akupigie simu tena. Akasema, "Nilimpigia. Kaniambia mwalimu, wewe juzi ulisema moyo mbovu, leo unasema mzima, kesho utasema nini? Kakata. Sasa mimi sina neno, Hawa. Aliyebaki ni baba yako."

Kwa hiyo usimwamini Mwalimu, wala usiniamini mimi. Hesabu wewe mwenyewe. Chukua simu ya Kaka Swalehe, ina saa ya sekunde. Weka vidole viwili shingoni mwa kaka akiwa amekaa, kisha akitoka shamba. Mhesabu Mama akitwanga. Jihesabu na wewe. Utaona kwamba moyo wa mtu mzima unapanda na kazi na unashuka na mapumziko, na wangu unafanya hivyohivyo. Ukimaliza kuhesabu nyumba nzima, kama bado unasema mimi naumwa, niandikie kwa namba.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa


Nalasi,
9 Mei 2025

Mwanangu Mwanahawa,

Waaleikum salaam. Marahaba. Hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua zako zilinikasirisha, nikaona nisiandike nikiwa na hasira. Baba hajibiwi kwa kuzidisha na kugawanya.

Lakini mama yako alizisoma. Akaja jikoni na simu ya Swalehe, akaniambia, "Mtoto kasema uhesabu, hesabu." Wiki nzima nyumba hii imekuwa zahanati, tunahesabu dakika nzima nzima. Swalehe amekaa 68, ametoka shamba 132, amepumzika kidogo akarudi 80. Mama yako 74, akitwanga 120. Hata mzee jirani alikuja kuomba apimwe, nikamwambia yuko 70, akaenda zake anafurahi. Ni kweli, unapanda na unashuka. Hilo nimelikubali.

Wangu sikuuelewa. Nimekaa tu barazani, sijafanya kazi yoyote, nikapata 118. Nikarudia, 104. Nikarudia, 126. Tena hauendi kwa mpangilio. Unapiga mitatu upesi upesi, unanyamaza, unapiga mmoja mkubwa. Mama yako naye alijaribu akasema nitulie, nikamwambia nimetulia. Nadhani ni vidole vyangu, vina sugu za panga. Na uzee pia. Siku hizi nikienda shamba la bondeni napumzika mara mbili njiani, zamani nilikuwa sipumziki. Usihangaike na hilo.

Fomu hii hapa, nimeisaini. Nimeikunjua sandukuni mbele ya mama yako ili awe shahidi. Nilikosea juu yako, na nimelisema.

Kimbia. Ila wewe mwanache, mtoto wewe, usije ukaniambia tena neno "sikubali" kwenye karatasi. Uniambie ana kwa ana nikuone macho.

Ni mimi,
Baba yako


Songea,
12 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo Baba.

Fomu imefika. Nimeiona sahihi yako, nimeishika, nimeishukuru. Sijaitoa kwa Mwalimu.

Ana kwa ana siwezi, tuko mbali, kwa hiyo naliandika tena kwenye karatasi na utanisamehe: sikubali.

Moyo wa mtu aliyekaa barazani hauendi 118. Si vidole. Vidole vyenye sugu vingekosea kwa Swalehe pia na kwa Mama, na kwao umepata sawasawa. Wala si uzee, una miaka hamsini na mbili. Nilikwenda kwa nesi wa shule nikamsomea sentensi yako, ile ya mapigo matatu na kunyamaza, bila kumwambia ni ya nani. Akaacha kuandika. Akaniuliza, "Mtu huyo yuko wapi? Amekwenda hospitali?" Nikasema bado. Akasema, "Aende, na asiende kwa miguu."

Wewe ulinizuia mwezi mzima kwa ajili ya moyo mzima. Uliniambia hutasikia maneno ya Baba Mdogo Abdul mara ya pili ukaendelea na kazi. Mimi nimeyasikia, Baba. Umeyaandika kwa mkono wako kwenye barua, halafu ukaandika nisihangaike.

Sasa hivi ndivyo itakavyokuwa. Fomu yangu iko kwenye Atlasi, chini ya godoro. Mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa saa sita mchana. Nenda hospitali ya wilaya Tunduru. Upimwe kwa mashine ya nyaya, ile ya kifuani, si ya mkononi. Uandike barua ukiwa huko, umpe kondakta Iddi. Barua ikinifikia kabla ya saa sita, nakimbia. Isiponifikia, sikimbii, na Mwalimu akiniuliza kwa nini nitamwambia kwamba baba yangu kasaini na mimi ndiye niliyekataa.

Najua ni utovu wa adabu. Nimekaa na barua hii tangu asubuhi natafuta namna ya kuiandika kwa adabu zaidi, sijaipata. Nimeshamwambia Iddi kwamba nitampa barua hii mkononi na asiiache dukani, afike mwenyewe nyumbani akupe. Akasema Nalasi si njia yake. Nikasimama mbele ya mlango wa basi mpaka akakubali.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa


Tunduru,
15 Mei 2025

Mwanahawa,

Waaleikum salaam. Naandika juu ya goti, basi linaondoka alfajiri na Iddi amekuja kuichukua barua sasa hivi.

Nilikasirika sana. Nilimwambia mama yako huyu mtoto amepotea, Songea imemharibu. Mama yako akaanza kufunga kanga na sufuria kwenye mkoba. Swalehe akaenda kuita bodaboda. Hakuna aliyeniuliza.

Wamenibandika nyaya kifuani na miguuni. Ikatoka karatasi ndefu yenye milima milima, na milima haikukaa kwa nafasi. Daktari ni binti mdogo, Aisha, kama dada yako Shakila tu. Aliniambia sehemu ya juu ya moyo inatetemeka badala ya kusukuma, na damu inaweza kuganda humo ikapanda kichwani. Nikamuuliza ningekuja mwezi ujao baada ya kupalilia ingekuwaje. Akasema hapendi kubahatisha, lakini amefurahi nimekuja leo.

Watanilaza siku tatu. Nina dawa za aina mbili. Mashine ya salfa nimeambiwa nisiibebe tena, Swalehe ataibeba, na yeye atapumzika kila akitaka, mistari ibaki.

Daktari aliuliza nani aligundua. Nikamwambia.

Toa fomu.

Baba yako


Songea,
25 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo Baba. Natumaini umesharudi nyumbani na unalala vizuri. Mwambie Mama asikuruhusu kubeba hata ndoo.

Barua yako ilifika Ijumaa saa tano na dakika ishirini. Nilikuwa getini tangu mapumziko ya chai, nimekosa kipindi cha Historia. Iddi aliirusha dirishani basi likiwa bado linatembea. Niliisoma nikikimbia kwenda ofisi ya Mwalimu, na nilipofika nilikuwa nalia na fomu mkononi. Mwalimu Polikarp akafikiri kuna msiba. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Ni baba yangu, kalazwa." Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Baadaye nilimweleza yote. Akavua ile saa mkononi, akaitia kwenye droo. Nilimwambia saa si mbaya, anayeivaa ndiye anatakiwa kujua inaona nini na haioni nini, na kwamba tuitumie pamoja na vidole. Sasa anatufundisha kuhesabu sote wanane.

Jana nimekimbia. Wasichana walikuwa ishirini na mmoja. Nilikaa nyuma mizunguko minne ya kwanza, kisha nikaanza kuwapita. Mzunguko wa mwisho Benigna alikuwa anapiga kelele pembeni, "Kuku! Kuku! Tia hatua!" Nimekuwa wa tatu. Wanachukua wawili tu kuwakilisha mkoa. Wa kwanza alitoka Mbinga, alikimbia peku, na sidhani kama alikuwa amechoka.

Mwalimu alinipa pole. Nikamwambia sihitaji pole, mwakani nipo. Nilisema kwa sauti, na watu walikuwepo.

Niandikie namba zako. Kila asubuhi, kabla ya chai, umekaa.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa


Nalasi,
31 Mei 2025

Mwanangu Mwanahawa,

Waaleikum salaam. Marahaba. Hongera sana. Wa tatu kati ya ishirini na mmoja si mchezo, nimemwambia kila aliyepita hapa, na aliyekuwa hana haraka nimemwambia mara mbili.

Mimi sijambo kabisa. Dawa nameza. Unataka namba, namba hizi hapa:

Jumatatu 72
Jumanne 72
Jumatano 72
Alhamisi 72
Ijumaa 72

Kama unavyoona, nimepona. Daktari Aisha alitaka nirudi tarehe 10 Juni, lakini naona hakuna haja ya kwenda Tunduru kwa moyo wa 72. Palizi imebaki kidogo tu shamba la bondeni, na mimi naingia polepole asubuhi kabla ya jua.

Soma kwa bidii.

Ni mimi,
Baba yako


Songea,
3 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo Baba. Natumaini Mama hajambo, na nina maswali mawili kwake nitakayomuuliza mwenyewe.

Nimehesabu moyo wangu kila asubuhi kwa wiki saba. Nimepata 60, 64, 64, 68, 60, 72 siku ya mtihani wa Hesabu, 64. Benigna naye hajawahi kupata namba moja siku tano mfululizo. Hakuna mwenye moyo wa namna hiyo, Baba. Hata ile saa ya Mwalimu, ilipokuwa inadanganya, ilibadilisha namba.

Hukuhesabu. Ulikaa barazani na kalamu. Na palizi imebaki kidogo tu, shamba la bondeni, kule unakopumzika mara mbili njiani.

Shule inafungwa Ijumaa tarehe 6. Iddi amenipa kiti cha mbele. Nitalala Tunduru kwa shangazi, nitafika Nalasi Jumamosi, Idd yenyewe, kabla hamjamaliza kuchinja. Sitaki unichinjie chochote. Jembe lako nimemwandikia Kaka Swalehe alifiche. Tarehe 10 tunakwenda kwa Daktari Aisha pamoja, nimeshaomba nauli kwa Dada Shakila.

Jumamosi ukae barazani na kola ya kanzu wazi. Usinywe chai mpaka nifike. Nakuja kuhesabu mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa